Osileta ya Baba Ilivyopima Masikio Yangu

Vumbi likiungua juu ya valvu zenye moto, zile chupa ndogo za kioo za redio za zamani, hutoa harufu kali, kama nywele zilizoguswa na chuma kutoka jikoni, na harufu hiyo ndiyo iliyoijaza maabara ya baba yangu katika mvua ndefu za mwaka niliotimiza miaka kumi. Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya uhuru. Baba alifundisha fizikia katika shule ya sekondari ya wavulana iliyokuwa kando ya barabara ya Homa Bay, mwendo mfupi kabla ya kufika Rangwe. Tulikaa katika nyumba za walimu nyuma ya maabara: baba, mama, mdogo wangu Achieng', na mimi Akoth. Udongo wa pale ni mweusi, na mvua ikinyesha hushika miguu kama ugali usioiva vizuri. Madirisha ya maabara yalikuwa na ukungu asubuhi, meza zilinukia nta, na chini ya yote hayo kulikuwa na ngurumo ya jenereta, ambayo mimi niliisikia kwa tumbo kabla ya kuisikia kwa masikio.

Wakati huo nilijulikana kwa jina moja tu pale mtaani kwa walimu: mkaidi. Mama aliniita kutoka jikoni nami nikaendelea kuchora ardhini na kijiti. Bibi yangu, mama yake baba, alipotutembelea kutoka Oyugis alinitazama kwa muda mrefu kisha akasema kichwa changu ni kigumu, na kwamba ukoo wetu haukuwahi kuwa na mtoto wa namna hiyo. Shuleni mwalimu wetu wa darasa la nne alipenda kusimama nyuma yetu akisoma imla huku akitembeatembea. Aliposoma "Simba amelala," mimi niliandika "Imba amelala," nikachapwa. Siku nyingine nilipoandika "ita" badala ya "sita" aliniuliza kama namfanyia mzaha, nikachapwa tena. Mimi sikuona ajabu yoyote katika hayo. Niliamini kwamba watu wote husikia kama mimi, yaani vipande vipande, na kwamba kazi ya kusikia ni kazi ya kubahatisha. Niliwaona wenzangu wakibahatisha vizuri, nikajiona mvivu. Nilijifunza kutazama midomo ya watu, na nilipopewa mgongo nilinyamaza nikingoja wageuke.

Baba hakuwa mtu wa fimbo. Wanafunzi wake walimpenda kwa sababu alirudia jambo mara tatu bila kukunja uso. Lakini kwangu uvumilivu wake ulikwisha kidogo kidogo, na siku ya soko, katika likizo ya Aprili, ulikwisha kabisa. Tulikuwa tumekwenda naye Rangwe kununua mafuta ya taa. Nilitangulia kuvuka barabara, macho yangu yakiwa kwa mwanamke aliyekuwa akipanga vyungu. Nilichojua baadaye ni kwamba nimeanguka kifudifudi, na kando yangu kuna baiskeli iliyolala, kapu lililopasuka na samaki wametapakaa matopeni. Mwenye baiskeli, mchuuzi aliyetoka na samaki Homa Bay tangu alfajiri, alisimama akivuja damu kwenye kiwiko.

"Mtoto gani huyu asiyesikia kengele?" alipiga kelele. "Nimepiga kengele tangu kule kwenye duka! Baba yake amempigia mluzi, hata hakugeuka!"

Watu walikusanyika. Baba alinyanyua macho yake, akawaona wote wakimtazama yeye, mwalimu, ambaye mtoto wake mwenyewe hamtii hadharani. Alivunja kijiti cha ua, akanichapa pale pale mbele ya soko zima. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu sikuelewa nimekosa nini, na nilipojaribu kumwambia hivyo alidhani ninambishia. Kuanzia siku ile alisema nitakaa mbele ya macho yake mpaka likizo iishe. Ndivyo nilivyopata kuingia maabara.

Sanduku lilikuwa limefika juma lile lile. Chuo kimoja cha Nairobi kilikuwa kinabadilisha vyombo vyake, na vile vya zamani viligawiwa kwa shule za mikoani. Baba na Mzee Marwa walilibeba wakiyumba. Mzee Marwa alikuwa mtunza jenereta ya shule, Mkuria kutoka upande wa Migori unaokaribia mpaka wa Tanzania, na kwa kuwa hakujua Kijaluo na baba hakujua Kikuria, walizungumza Kiswahili siku zote. Mle sandukuni, ndani ya nyasi kavu, mlikuwa na kasha la chuma la rangi ya majivu, zito kama jiwe la kusagia. Mbele lilikuwa na sahani kubwa ya namba katikati, iliyoanzia ishirini ikaishia mia mbili, swichi ya kuzidisha namba hizo mara kumi au mara mia, swichi nyingine ya kuongeza na kupunguza nguvu ya sauti, na matundu mawili ya kuchomekea waya. Baba aliliita osileta. Alinieleza, akiwa amenielekea kwa bahati, kwamba redio huleta sauti za watu na muziki, lakini hiki huzaa sauti moja tu iliyo safi, na wewe unachagua iwe nzito au nyembamba kiasi gani.

Hakukiwasha mara moja. Alikifungua mgongo kwa bisibisi, akapangusa valvu moja moja kwa kitambaa laini na kuzikandamiza zikae sawa katika vikalio vyake. Aligundua kwamba nyuma kulikuwa na kipande cha kuchagulia umeme kilichowekwa kwenye volti mia na kumi na tano, na jenereta yetu ilitoa mara mbili ya hapo. "Ningekiwasha hivi," alimwambia Mzee Marwa, "tungekichoma kabla hatujakisikia." Alikigeuza kipande hicho, akabadilisha fyuzi, akachomeka plagi, akaweka mkono juu ya kasha. Nilimwona akirushwa nyuma mpaka akagonga meza. Viti viwili vilianguka. Uso wake ulikuwa umepauka. Mzee Marwa alikuwa ameshachomoa plagi.

"Mwalimu, hii kitu haina ardhi," alisema. "Umeme inatafuta njia, imepita kwako."

Wakapigilia fimbo ya chuma kwenye udongo uliolowa kando ya tangi la maji, wakavuta waya kupitia dirishani mpaka kwenye kasha. Baba alijaribu tena kwa mgongo wa kidole kimoja, taratibu, akapumua. Kisha tukakaa nusu saa kungoja valvu zipate moto, kwa maana chombo hicho kikiwa baridi sauti yake hutangatanga. Hapo ndipo ile harufu ya vumbi ilipopanda. Baba aliunganisha spika iliyotolewa kwenye redio mbovu, akagonga uma wa sauti, chuma chenye meno mawili kinacholia sauti moja isiyobadilika, wa mitetemo mia mbili hamsini na sita kwa sekunde, kwenye goti lake, akaushika karibu na spika huku akizungusha sahani polepole. Sauti mbili zilipokaribiana zilianza kupigana, zikawa zinavimba na kunywea, zinavimba na kunywea, kila mara polepole zaidi, mpaka zikatulia zikawa moja. "Sahani inasema kweli," baba alisema. Niliisikia kila sehemu ya ugomvi ule. Sijawahi kupenda kitu kama nilivyoipenda mashine hiyo siku hizo chache. Sauti zake nzito ziliingia kifuani mwangu zikiwa nzima, hazikuwa na haja ya kubahatishwa.

Wavulana waliporudi kutoka likizo, baba alitangaza kwamba Jumamosi alasiri atawaonyesha kidato cha tatu kitu ambacho hawajakiona. Walimu wengine walikuja, mpishi wa shule alikuja na aproni yake, mama alikuja akasimama mlangoni, na sisi watoto tulipewa kibao mbele. Mzee Marwa aliingia akijifuta mafuta mikononi.

"Nyanyueni mikono wote," baba alisema. "Nitaanza na sauti nzito, nitapanda juu. Ukiona husikii tena, shusha mkono. Usimtazame jirani yako."

Alianza na mia moja. Sauti ilikuja kama ng'ombe anayelia mbali. Akapanda mia mbili, mia tano, elfu moja. Mikono yote ilikuwa juu, na wa kwangu pia, na nilikuwa nikitabasamu. Akapita elfu moja na mia tano, na sauti ikawa kama inaondoka chumbani kwa mlango wa nyuma. Ikakatika. Nikashusha mkono, nikageuka kuona wenzangu wakishusha yao.

Hakuna aliyeshusha. Zaidi ya watu arobaini walisimama na mikono yao juu, nyuso zao zikiwa zimetulia, baadhi wamekunja macho kama wanaofuata kitu kinachoruka. Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba wote wanadanganya. Nilidhani wanamfurahisha mwalimu, na nikamwonea baba huruma kwamba mashine yake imeharibika mbele ya watu na hakuna mwenye moyo wa kumwambia.

"Baba, imezima!" nilisema kwa sauti.

Maabara nzima ilicheka. Achieng' aliziba masikio yake kwa viganja, akikunja uso, kwa sababu wakati ule ule sauti niliyosema imezima ilikuwa inamchoma. Nilimwona. Achieng' alikuwa na miaka sita na hakujua kuigiza.

"Akoth," baba alisema, "leo si siku ya mchezo." Akaendelea kupanda. Mzee Marwa alishusha mkono kwenye elfu tano, mpishi kwenye elfu tisa, mwalimu mkuu akafuata, kisha baba mwenyewe akashusha wake kwenye elfu kumi na mbili, akicheka kidogo kwa aibu. Wavulana walikwenda mbele zaidi. Wa mwisho alikuwa Achieng', peke yake na kidole chake hewani, watu wakimpigia makofi.

Ni Mzee Marwa aliyeharibu furaha ile. "Mwalimu," alisema, "mimi nimekaa na jenereta miaka mingi, masikio yangu imekwisha. Lakini huyu mtoto ameshusha mbele yangu. Mbali sana mbele yangu."

"Anafanya ukaidi, Mzee. Unamjua."

"Mimi naona uso yake. Huyu hadanganyi."

Baba alinitazama. Akarudisha sahani chini, akaniambia nisimame karibu na mashine, ninyanyue mkono na kufanya kama mwanzo, peke yangu. Sasa nilijua linalotakiwa. Wote walikuwa wameweka mikono juu, kwa hiyo siri ilikuwa kutoshusha mapema. Sauti ikapanda, ikafika pale pale, ikakatika, nami nikabaki na mkono juu. Nilitazama ukutani mbele yangu kwa nguvu, nikajifanya ninafuata kitu kinachoruka, kama nilivyowaona wavulana. Muda ulipita. Mkono ulianza kuchoka. Hakuna aliyecheka. Hatimaye nikageuza kichwa.

Baba alikuwa ameshika mkononi waya wa spika. Alikuwa ameuchomoa. Sijui ni tangu lini. Watu wote walikuwa wananitazama, na mkono wangu ulikuwa bado uko juu.

Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, nimezika wazazi wangu wote wawili, na bado sijashtuka tena namna ile. Niliona katika nyuso zao kwamba kulikuwa na kitu chumbani mle muda wote, kitu ambacho kila mtu alikipokea isipokuwa mimi, na kwamba kitu hicho kilikuwa duniani kote tangu nizaliwe. Baba alirudisha waya. Alinigeuza uso kwenye ubao, akaniambia niinue mkono kila nikisikia na nishushe nikiacha kusikia, na safari hii hakufuata mpangilio wowote, juu, chini, kimya, juu. Sikuweza kubahatisha. Alipomaliza alikaa kwenye kigoda cha maabara, akaniita nimkaribie, akaongea nami kwa Kijaluo mbele ya wanafunzi wake.

"Kengele ya yule mchuuzi. Uliisikia?"

"Kengele gani?"

"Na mluzi wangu?"

Sikulijua neno hilo kwa maana aliyokuwa nayo. Baba akakunja midomo yake akapuliza mbele yangu. Nilimwambia ukweli: kwamba nimewaona watu wakikunja midomo hivyo mara nyingi, na nilidhani ni jinsi mtu mzima anavyokaa akiwa anawaza. Mmoja wa wavulana alianza kucheka, kisha akajiziba mdomo. Baba alifunika uso wake kwa mikono yote miwili.

Mama alikuwa bado mlangoni. Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo niliweza kuisikia. "Nilikuambia," alisema. "Nilikuambia mtoto huyu haitiki nikiwa nimempa mgongo. Ukasema ninamtetea." Kisha akasema lile ambalo walikuwa wamelisahau wote wawili, au hawakuthubutu kulikumbuka: homa niliyoipata nikiwa na miaka miwili, siku nyingi za kwinini, dawa kali ya malaria, katika hospitali ya Homa Bay, na jinsi nilivyotoka pale nikiwa hai lakini nimeacha kugeuka nikiitwa. Waliambiwa washukuru kwa uhai wangu, wakashukuru, wasiulize tena.

Siku ya soko iliyofuata baba alinishika mkono tukaenda Rangwe. Alimtafuta yule mchuuzi wa samaki, akasimama mahali pale pale aliponichapa, akangoja watu wawe wengi. Kisha akasema kwa sauti ya kufundishia kwamba mtoto huyu hasikii kengele wala mluzi, kwamba si ukaidi, ni masikio, na kwamba aliyekosa siku ile ni yeye. Akanigeukia. "Akoth, nisamehe." Mwanamke wa vyungu alisimama na chungu mkononi asijue pa kukiweka. Siku hizo mzazi hakumwomba mtoto msamaha hata ndani ya nyumba, seuze sokoni. Nilitazama chini kwa haya, nikatamani turudi nyumbani. Mchuuzi alikuwa wa kwanza kupata la kusema. "Basi, Mwalimu," alisema, "mimi pia nilimtukana." Akakata samaki vipande viwili akaninyooshea mkia na kichwa, nichague.

Baada ya hapo osileta ikawa kama kitu cha nyumbani. Baba alichora kwenye karatasi ya miraba mstari wa masikio yangu, uliokwenda tambarare kisha ukaporomoka kama ukingo wa mto. Kwa mstari huo alitembea nyumbani akigongagonga vitu, akitafuta vinavyolia chini ya ukingo wangu. Sufuria hazikufaa, wala glasi. Pipa tupu la mafuta lilifaa. Akalining'iniza nyuma ya jikoni, na tangu hapo nikihitajika lilipigwa mara moja, nami nikaja mbio kutoka popote, mkaidi wa zamani, nikishangaza majirani. Shuleni alimwonyesha mwalimu wangu ile karatasi. Nilihamishwa mbele, na imla ikasomwa nikitazama midomo. Kufikia mwisho wa mwaka simba wangu wote walikuwa simba.

Sasa mimi ni bibi mwenye wajukuu. Vifaa vya kusaidia kusikia nilivipata nikiwa nimevuka miaka hamsini. Binti mmoja wa hospitali alinivalisha visikilizio, akabonyeza kitu kidogo kuliko kitabu cha nyimbo, na kwa dakika chache kompyuta ikachora mstari ule ule ambao baba aliuchora kwa penseli. Nilimwambia ninaujua. Hakunielewa. Siku hizi watoto wachanga hupimwa kabla hawajatoka wodini, kule vifaa vilipo, na ninafurahi, ingawa bado nikipita shule za Sori, mji wa kando ya ziwa, na kwingineko ninatazama viti vya nyuma nikijiuliza ni nani amekaa pale anabahatisha.

Nilipotoka hospitalini na vifaa vyangu masikioni, dunia ilinishtua kwa kelele zake. Majani yalikuwa na sauti. Karatasi ilikuwa na sauti. Nilisimama njiani nikisikiliza ndala zangu mwenyewe. Jioni wanangu walikuja mmoja mmoja, na kila aliyefungua mdomo alikuwa na sauti mpya, yenye ncha na makali niliyokuwa sijawahi kuyasikia, nikawazoea upya kama wageni. Mama alikuwa bado hai. Nilimwomba aseme jina langu, akalisema, nikamwomba alirudie. Lakini baba alikuwa amekwisha kufa miaka minne kabla. Sauti yake ninayo, ninaikumbuka kila siku, nzito na ya taratibu. Ila sasa ninajua kwamba niliyonayo ni nusu, na ile nusu nyingine waliisikia watu wote waliomjua, isipokuwa mimi.